Shingo ya Jabez Bloor

Nambari 14, Mtaa wa Furnival,
Longton.
Ijumaa, 9 Septemba 1966

Wewe Lionel,

Mimi mzima. Mguu ndio ule ule. Wewe najua u mzima kwa sababu jana saa mbili nilikuona kwenye televisheni ya Olive Tams, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Kaa chini uisome mpaka mwisho, usiruke mistari.

Nimekuvumilia miaka ishirini. Ulipoacha ukarani wako mzuri ili ukaigize, nilisema haya, nenda. Ulipozunguka miji yote ya kaskazini, kila wiki mchezo mpya na chumba kipya chenye kunguni wapya, nilikutumia soksi. Ukaota upara mapema kama wajomba zako, wakaanza kukupa nafasi za wazee wakati hujafika hata miaka thelathini. Nikasema haya. Nimehesabu. Umekuwa polisi mara kumi na moja, mchungaji mara nne, matajiri umewafungulia milango mpaka nimeacha kuhesabu, na umekufa mara tisa. Mara moja ulikufa ndani ya bafu, nami nimeketi sinema na wanawake wa kanisani, ikabidi niwaambie kwamba ulikuwa umevaa kaptula. Sikukuandikia hata neno.

Jana niliwaalika mwenyewe. Mke wa mchungaji na wengine watatu, kwa Olive, maana mimi sina hilo sanduku na silitaki. Niliwaambia mjukuu wangu sasa ana kazi ya maana, sehemu kumi, kila Alhamisi. Olive akatoa keki. Basi ukatokea. Gudge, mbeba mizigo wa nyumba ya wageni. Kofia ile. Hatua zile fupifupi, mikono imening'inia kama ya mtu aliyeisahau. Hujafika katikati ya chumba nimeshajua. Gudge gani? Huyo ni babu yako Jabez, mume wangu, marehemu miaka ishirini na minane sasa, anatoka kazini kiwanda cha vyombo vya udongo, tanurini.

Halafu ukafika mlangoni. Mlango mrefu, farasi anapita. Ukainamisha kichwa kama bata anayekunywa maji, kofia ikaanguka, watu wakacheka. Olive akacheka. Mke wa mchungaji alicheka hadi chai ikamwagika kwenye zulia la Olive, na Olive hata hakujali.

Mimi nilikwenda nyumbani. Keki sikuionja.

Sasa nisikilize. Uache kutembea hivyo, la sivyo Krismasi usije. Nilikulea tangu una miaka minne na mlango huu haujawahi kufungwa kwako. Lakini sitamfungulia mtu anayemwaibisha Jabez Bloor mbele ya nchi nzima.

Ni mimi bibi yako,
Keturah Bloor


Nambari 3, Njia ya Sebright,
Kilburn, London.
13 Septemba 1966

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua nimeisoma mara mbili, na sikuruka mstari.

Naomba nikueleze ilivyotokea. Siku ya kuchagua waigizaji tuliitwa watu kumi na wawili kwa jukumu hilo la Gudge, sote wenye upara, tumekaa kwenye benchi moja kama mayai. Mwongozaji anaitwa Bwana Verity. Alikuwa amechoka, hainui macho. Mahali penyewe ni ukumbi wa chini wa kanisa, na mlango wake ni mfupi. Nilipoingia nikainama, na sijui nikuambieje, Bibi, babu akaingia pamoja nami. Sikumpanga. Bwana Verity akainua kichwa, akasema, "Hebu toka uingie tena." Nikatoka, nikaingia tena. Wale kumi na mmoja wakarudi kwao.

Nina miaka arobaini na mitatu. Katika maisha yangu yote ya kazi hii sijapata kuajiriwa zaidi ya wiki sita mfululizo. Hapa nina sehemu kumi, na Gudge akipendwa wataongeza kumi na tatu mwakani. Bwana Verity ameniambia waziwazi kwamba kinachopendwa ni ule mwendo. Tunafanya mazoezi wiki nzima kwenye ukumbi mtupu, kuta na milango ni utepe mweupe uliobandikwa sakafuni, na kila nikifika kwenye utepe ananipigia kelele, "Inama, Bloor, inama!" Jumapili tunakwenda studio, wanaalikwa watu kuja kutazama na kucheka, mitambo inarekodi, Alhamisi mnaona ninyi.

Mwigizaji wa aina yangu hana uso wa kuuza. Anachouza ni watu aliowaona. Kikohozi cha babu sikukigusa, Bibi, wala sitakigusa. Ila kama siruhusiwi kumchukua babu, nimchukue nani? Mimi mwenyewe sina mwendo wa mtu yeyote kuutazama.

Tafadhali usinifungie mlango.

Mjukuu wako,
Lionel


Longton
Jumamosi, 17 Septemba 1966

Lionel,

Umeandika vizuri, hiyo ndiyo shule. Mimi shule niliiacha na miaka kumi nikaenda kubandika mikono ya vikombe, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Kikohozi hujakigusa. Ahsante, nikuletee medali?

Jana nilikwenda duka la ushirika. Yule kijana wa bucha, Percy, akaniona naingia, akachukua sinia la soseji akaliweka kichwani, akaja mpaka kwenye kaunta kwa mwendo wako, akainamisha kichwa, soseji zote chini. Duka zima likacheka. Akaniambia, "Shikamoo Bi Gudge." Nikamwambia, "Hizo za chini mpimie mama yako, mimi nipe za kwenye ndoano." Lakini nilipofika nyumbani nilikaa na koti mwilini mpaka giza likaingia.

Umemfanya mlevi. Umemfanya punguani. Huyo unayewaonyesha si babu yako hata kidogo. Ungemwangalia babu yako sawasawa usingefanya vile mlangoni. Nimemaliza.

Jambo lingine. Matanuri ya kiwandani kwa babu yako wameanza kuyabomoa Jumatatu. Yalikuwa sita, yamebaki mawili. Sasa wana ya umeme, vyombo vinaingia kwenye kigari, mtu anabonyeza kitufe kisha anasoma gazeti. Niliona tanuri zima la matofali, lile la umbo la chupa, linakaa chini kama mwanamke mnene anayekaa kwenye kiti, halafu vumbi. Mwakani hapatakuwa na mtoto Longton anayejua mpanga tanuri, yule wa kupanga vyombo ndani yake, alikuwa mtu wa namna gani, alibeba nini na alikibebaje. Watakachokijua ni huyo Gudge wako na kofia yake sakafuni.

Sijabadilisha neno. Mwendo ule au mlango huu, chagua.

Keturah Bloor


Kilburn
27 Septemba 1966

Bibi,

Nimechagua. Juzi Jumapili nilirekodi bila mwendo wa babu. Nilitembea kama ninavyotembea mimi nikienda kutia barua posta. Mlangoni nilipita tu.

Nilimwambia Bwana Verity mapema wiki iliyopita. Akauliza sababu, nikasema ya kifamilia. Akasema, "Bloor, bila ule mwendo Gudge ni mtu aliyeshika begi." Nikasema najua. Akasema haya, tujaribu, tuone. Watazamaji mia tatu walikaa kimya kama wako kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua. Bi Dorothea, anayeigiza mwenye nyumba, alinishika mkono baadaye akaniuliza kama naumwa.

Utaona mwenyewe Alhamisi, kama bado unatazama. Nimefanya ulivyotaka. Naomba nijue kama nije Krismasi.

Lionel


Nambari 12, Mtaa wa Furnival,
Longton.
7 Oktoba 1966

Mpendwa Lionel,

Mimi ni Olive Tams, jirani, yule uliyemvunjia dirisha la choo kwa mpira ukasema ni ndege. Bibi yako hajui naandika na ukimwambia nitakana.

Nataka ujue mambo yalivyo, maana wewe uko huko na yeye hawezi kusema kitu kama watu wengine wanavyosema. Tangu ile Alhamisi ya kwanza alinuna na mimi kwa sababu nilicheka. Sawa. Lakini Alhamisi iliyofuata, saa mbili kamili, nasikia mlango wa nyuma. Ni yeye. Kasimama pale mlangoni na koti lake, anasema amekuja kuazima bizari ya unga. Namwambia kaa basi. "Sikai, sikuja kutazama." Akasimama dakika ishirini na tano na bizari mkononi. Na Alhamisi ya tatu vilevile, safari hii baking poda. Nyumbani kwake sasa ana vikopo vyangu viwili.

Ilipofika ile uliyotembea kawaida, alisogea mpaka katikati ya chumba. Akasema, "Huyo ni nani?" Nikasema ni Lionel huyo, si ndivyo ulivyotaka? Akatazama mpaka mwisho, akasema tena, "Sasa hakuna mtu kabisa." Akaondoka. Hakuchukua kikopo. Jana tena hivyo hivyo, na leo kutwa hakufungua pazia la mbele.

Kila asubuhi anakwenda kusimama kwenye uzio wa kiwanda kutazama wanavyobomoa. Ana miaka themanini na miwili na upepo huu. Nimemuuliza, Keturah, mtoto amefanya kosa gani, mbona amekutii na bado umekasirika? Akanijibu, "Hajui alichokosea, ndiyo maana amekosea mara mbili." Mimi sikumwelewa. Labda wewe muulize. Muulize wazi, kama mtu anayeuliza njia.

Barua zako anazisoma jikoni kwa sauti. Ukuta ni mwembamba.

Wako,
Olive Tams (Bi.)


Kilburn
12 Oktoba 1966

Bibi,

Mtu fulani, simtaji, amenishauri nikuulize wazi. Basi nauliza. Nilikosea nini pale mlangoni?

Na kwa kuwa nauliza wazi, acha nami niseme wazi. Ofisi imeshanijulisha. Zile sehemu kumi na tatu za mwakani Gudge hayumo, labda kama atarudi kuwa yule wa mwanzo katika sehemu zilizobaki. Bwana Verity si mtu mbaya, amenipigania. Ameniandikia tukio kubwa katika sehemu ya tisa, itakayorekodiwa tarehe 30. Gudge anabeba kreti la sahani za harusi, anafika mlangoni, anainama, sahani zote zinavunjika. Sahani arobaini, za kweli, zimeshanunuliwa. Anasema nikiinama vizuri nina kazi mwakani.

Jambo lingine ambalo nimekuficha. Zile safari za Uskoti. Kila Novemba na Desemba nilikuambia niko Uskoti na kikundi cha maigizo. Sijawahi kufika Uskoti. Miaka kumi na moja sasa, ifikapo Novemba, nasimama kwenye duka kubwa hapa London nikiuza treni za kuchezea. Ndiyo maana Krismasi nilikuwa nafika usiku wa mkesha miguu imevimba. Sikutaka uwaambie wanawake wa kanisani kwamba mjukuu wako ni muuza treni.

Niambie nilikosea nini. Sitabishana.

Lionel


Longton
Jumamosi, 15 Oktoba 1966

Lionel mwanangu,

Mtu fulani ana televisheni na mdomo wa ukubwa huo huo. Nitamrudishia vikopo vyake.

Uskoti nilijua tangu mwaka wa pili. Biskuti za Kiskoti ulizoniletea zilikuwa na karatasi ya bei ya duka la London chini ya kopo. Mwaka wa tatu vilevile. Mtu anayetaka kudanganya abandue karatasi. Sikusema kwa sababu kuuza treni ni kazi ya halali na wewe ulikuwa unaona haya, nikasema mwache na haya zake. Wanawake wa kanisani niliwaambia Uskoti kuna theluji.

Sasa mlango.

Shingo, Lionel. Shingo haikunjwi.

Babu yako alikuwa anabeba kasha la udongo mgumu limejaa sahani mbichi ambazo hazijachomwa, zito kama mtoto wa miaka minane. Analibeba kichwani. Ndani ya kofia kuna kata, soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara, mimi ndiye niliyekuwa namshonea. Anatoka nalo ghalani, anavuka ua wenye mawe ya kuteleza, anafika kwenye mlango wa tanuri. Mlango wa tanuri ni mfupi, ukisimama unakufika kifuani. Anapita. Ndani anapanda ngazi nalo, halishiki, analiweka juu ya mengine, urefu wa nyumba. Halafu anarudi kuchukua la pili. Mara mia kwa siku. Ukikunja shingo mara moja tu kasha liko chini, na jasho la watu kumi, mfinyanzi, mchoraji, wote, limekuwa vigae. Jabez Bloor alipanga tanuri miaka thelathini na mmoja hakuangusha hata moja. Hakuna mwingine pale aliyeweza kusema hivyo.

Wanapitaje mlangoni? Magoti. Unashuka kwa magoti, mgongo umenyooka, shingo imenyooka, macho mbele, unapita chini kama mtu anayeketi kidogo kwenye kiti kisichokuwepo, halafu unainuka. Kichwa hakijui kwamba kumepitwa mlango. Na kwa sababu walifanya hivyo kutwa, hata nyumbani walifanya. Alikuwa anaingia jikoni kwangu hana kitu kichwani na magoti yanashuka yenyewe. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa chini na vitabu vyako, uliona mtu mzima anakuwa mfupi mlangoni ukadhani ameinama. Hakuinama. Babu yako hakumwinamia mtu wala mlango.

Ndicho kilichoniuma. Si kwamba ulimchukua. Ulimchukua vibaya. Mtu wa Birmingham hawezi kujua, lakini kila mzee wa mtaa huu aliyeona ile Alhamisi alimwona mpanga tanuri anayekunja shingo, yaani mpanga tanuri anayeangusha. Nilidhani umejua ukafanya makusudi upate kicheko.

Nimekaa nikawaza kwa nini hukujua. Kwa sababu mimi nilikukataza. Vumbi lilikuwa limeshamwingia kifuani, nikaapa mtoto huyu hakanyagi ua ule. Ulipotaka kumpelekea chakula nilikwenda mwenyewe. Ulikuwa na kifua kizuri na umebaki nacho, na sijutii. Lakini sasa naona ndiyo maana hukuona. Basi hilo ni langu.

Jana nilichukua bakuli la kuoshea vyombo, nikalijaza maji, nikaweka taulo kichwani nikaliweka juu. Nilitoka jiko la nyuma, kile chumba cha kuoshea vyombo, mpaka jikoni. Magoti yalilia kama mlango wa ghala lakini nilipita. Yalimwagika matone mawili, na matone hayo ni ya umri. Wewe fanya vivyo hivyo. Bakuli, maji, mlango, kila asubuhi na kila jioni. Kola ikilowa, rudia.

Mrudishe. Lakini umrudishe alivyokuwa.

Hizo sahani arobaini sijui utafanya nini nazo. Hilo ni la kazi yako na la mkataba wako, na mimi kazi yako siijui. Krismasi uje, kwa vyovyote.

Bibi yako,
Keturah Bloor


Kilburn
31 Oktoba 1966

Bibi,

Ni asubuhi ya Jumatatu. Mwenye nyumba wangu ameniambia nikimwaga tena maji kwenye ngazi zake nitafute chumba kwingine. Nilifanya ulivyoagiza, siku kumi na mbili. Siku tatu za mwisho kola ilikuwa kavu.

Jana tulirekodi. Nikuambie yote kama yalivyokuwa.

Mazoezini wiki nzima nilifanya walivyotaka. Utepe sakafuni, inama, kreti tupu chini, wote wanapiga makofi. Sikumwambia Bwana Verity kitu. Nilisema moyoni nitaamua nikifika. Huo si uungwana katika kazi yetu, Bibi. Mwenzako anasubiri sahani zivunjike ndipo aseme maneno yake, ukimnyima unamwacha uchi mbele ya watu. Na kurekodi kukishaanza hawasimamishi, kukata ule utepe wa picha ni gharama kubwa. Nilijua hayo yote.

Jioni kreti likaja na sahani za kweli ndani. Nikaliinua, nikaliweka kichwani. Ndani ya kofia nilikuwa nimeshona kata, kwa soksi yangu, vibaya lakini ilikaa. Nilipohisi uzito, shingo ikanyooka yenyewe. Ni ajabu. Miezi miwili nilikuwa namfanya mtu anayebeba bila kubeba chochote.

Nikatoka. Hatua fupi. Watazamaji wakaanza kucheka mapema, maana waliona kreti na waliona mlango, wakajua kinachokuja. Nikafika. Nikashuka kwa magoti. Nikapita, nikainuka upande wa pili, na hakuna sahani iliyogusa nyingine. Kicheko kikakatika. Nikaendelea mpaka mezani, nikashuka tena, nikalitua.

Bi Dorothea alikuwa amefungua kinywa apige ukelele wake. Akakifunga. Alinitazama, nami nikamtazama, na hapo hakuna maandishi yoyote, tuko peke yetu. Akasema, "Zote, Gudge?" Nikasema, "Zote, mama." Akachukua moja akaigeuza, akasema, "Basi kaa unywe chai." Watu wakapiga makofi. Hawakucheka, walipiga makofi.

Bwana Verity alinisubiri kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa mwekundu kwa hasira. Alisema nimemharibia tukio, nimemtia aibu kwa wakubwa zake, na kwamba mwigizaji mwenye miaka ishirini kazini anapaswa kujua kuinama anapoambiwa ainame. Kwa upande wake ana haki. Halafu akauliza, "Ile umeitoa wapi?" Nikasema kwa babu yangu. Akaondoka.

Asubuhi hii wamenipigia simu. Katika sehemu ya kumi Gudge anapata barua kutoka kwa dada yake aliyeko Wales, anafungasha, anakwenda kuishi huko. Mwakani hayupo. Nimeshakwenda dukani, wamenipokea, naanza Jumatatu ijayo. Safari hii treni na madoli.

Sijui kama nimefanya sawasawa. Utaona Alhamisi. Niambie ukweli, si wa bibi kwa mjukuu, ule mwingine.

Lionel


Longton
Ijumaa, 4 Novemba 1966

Lionel,

Ukweli mwingine siujui, nina mmoja tu, na ni huu.

Nilikwenda kwa Olive nikakaa kwenye kiti. Mke wa mchungaji alikuwepo. Olive alikuwa amemwita pia mzee Machin wa nambari 31, Aaron Machin, mpanga tanuri wa mwisho aliyebaki mtaani, ana miaka themanini na haoni vizuri, ikabidi aketi na pua karibu na kioo. Nilimwambia Olive kimya kimya, kama mtoto amekosea huyu mzee ataniaibisha mpaka kaburini. Olive akasema nyamaza, inaanza.

Ukatoka na kreti. Mke wa mchungaji akaanza kucheka. Machin akainua mkono, hakugeuka, akamwambia, "Wewe mama, subiri."

Ukafika mlangoni. Ukapita.

Kutoka mlangoni mpaka mezani ni hatua saba, nilizihesabu. Hatua saba nilimwona Jabez. Sikumwona hivyo tangu mwaka 1933, kifua chake kilipokataa kazi. Baada ya hapo nilimwona kitandani, na ukimwona mtu kitandani miaka mitano unasahau alivyokuwa akisimama. Nilikuwa nimesahau. Basi nikakumbuka, halafu wakaleta tangazo la sabuni na mwanamke mwenye meno.

Machin alisema, "Huyo ni Jabez Bloor." Akasema, "Nani kamfundisha?" Nikasema mimi. Kisha akasema shingo sawa, mgongo sawa, lakini amevuka kizingiti kwa mguu wa kushoto, na Jabez alikuwa anatanguliza wa kulia. Nikamwambia Aaron Machin, wewe ulikuwa nyuma yake na kasha lako mwenyewe kichwani, uliona nini zaidi ya matako yake? Kushoto. Akasema kulia, alifanya naye kazi miaka kumi na tisa. Nikasema mimi nilikuwa mke wake miaka thelathini na minne na soksi iliyotoboka upesi ilikuwa ya kushoto, mshonaji ni mimi. Akasema soksi haithibitishi kitu. Tumebishana mpaka Olive akazima televisheni. Mke wa mchungaji aliondoka bila kuaga. Leo asubuhi Machin amekuja tena, amesimama mlangoni kwangu, ameshuka na kuinuka mara tatu kunionyesha, mzee wa themanini, nikadhani ataanguka nimbebe.

Kuhusu Gudge kuhamia Wales. Haya. Ushirika nimewaambia umeacha mwenyewe kwa sababu ya kutoelewana juu ya kazi, na huo si uongo. Percy wa bucha aliniuliza kwa adabu kama ni kweli sahani zilikuwa za kweli. Nikamwambia arobaini.

Huyo Verity, ukikutana naye, usimwombe radhi zaidi ya mara moja.

Duka lako linafunga saa ngapi mkesha wa Krismasi? Kuna treni ya saa kumi na moja jioni inayofika Stoke kabla ya saa tatu. Usiikose, maana nimemwalika Machin chakula cha mchana cha Krismasi, na baada ya chakula utabeba bakuli kutoka jiko la nyuma mpaka jikoni mbele yake, kwa mguu wa kushoto, halafu kwa wa kulia, polepole. Yeye atatazama na mimi nitatazama, na mmoja wetu atashindwa mbele ya watu. Sidhani ni mimi.

Bibi yako,
Keturah Bloor